Mwanamume Aliyekuja Asubuhi: Kisa Kimoja cha Kirusi cha Nyumbani

Voisi yenyewe haikufika sekunde kumi. Binti wa miaka 19, kasimama jikoni kwao Tabata, Dar es Salaam, kabonyeza simu akamtumia bibi yake mzaa mama, aliyeko Voronezh, maneno haya: “Babushka, muzhchina prishol k nam utrom. Mama ochen rada.” Yaani: Bibi, mwanamume amekuja kwetu asubuhi. Mama amefurahi sana.

Saa ya Voronezh na saa ya Dar ni moja, kwa hiyo bibi alikuwa macho na chai yake mkononi. Dakika mbili hazikupita, simu ya mama ikaita. Si voisi sasa, ni video. “Kakoy muzhchina?” Mwanamume gani? “Pochemu ya nichego ne znayu?” Mbona mimi sijui lolote? Mama mtu ni mjane, mwaka wa sita huu. Bibi kule alikuwa amekwisha piga hesabu zake: kuna mtu, hapo nyumbani anajulikana, alikuwa akisubiriwa, leo kaja, binti yake anachekelea, na aliyefichwa ni yeye peke yake.

Mwanamume huyo alikuwa fundi bomba. Bomba la chini ya sinki lilikuwa likivuja tangu Jumapili. Fundi akaja, akabadilisha kipande, akala chapati mbili, akaenda zake. Mama alifurahi kwa sababu jikoni pamekauka.

Wote watatu walicheka sana, lakini mama hakuliacha likapita. Marehemu mumewe tulisoma naye Moscow miaka ya 1980, na mimi kazi yangu mpaka leo ni ukalimani wa Kirusi. Akanipigia jioni ile ile. “Shemeji,” akasema, “mwanangu anaongea Kirusi, na kosa silioni. Lakini mama yangu kaelewa kitu kingine kabisa. Hebu njoo umsikilize.” Nilikwenda Jumamosi, na Jumamosi nyingine kadhaa baada ya hiyo.

Nianze na ile sentensi, maana mama ana haki: neno baya halimo. Tena imo alama ya mtu anayeijua lugha. “Muzhchina”, mwanamume, huishia na -a, na maneno mengi ya Kirusi yenye mwisho huo ni ya jinsia ya kike. Mwanafunzi mgeni huteleza hapo akasema “prishla”, kana kwamba aliyekuja ni mwanamke. Sisi tuliteleza hapo mwaka mzima wa “podfak”, ile kozi ya maandalizi waliyoanzia wanafunzi wa kigeni. Binti hakuteleza. “K nam”, kwetu, iko katika hali yake sahihi, yaani umbo linalofuata kazi ya neno katika sentensi. “Rada”, amefurahi, imefuata jinsia ya mama. Lafudhi ni ya Voronezh, kachukua kwa mama yake pamoja na ile “g” laini ya kusini.

Kilichoharibu ni mahali “muzhchina” ilipokaa.

Kirusi hakina neno dogo la kutangulia nomino na kuonyesha kama kitu kinajulikana au ndiyo kwanza kinatajwa. Kiswahili nacho hakina, ndiyo maana naamini msomaji wangu atamwelewa bibi upesi kuliko Mwingereza. Mtu akikujia akakwambia “mwanamume amekuja”, utauliza “yupi?” Ukitaka kunijulisha kuhusu mtu nisiyemjua utasema “kuna mwanamume kaja”, au “kaja mwanamume mmoja”. Kirusi kazi hiyo huupa mpangilio wa maneno. Jambo linalojulikana tayari hutangulia, jambo jipya huwekwa mwisho. “K nam prishol muzhchina”: kwetu kaja mwanamume, humjui, ndiyo nakutajia. “Muzhchina prishol k nam”: yule mwanamume, unayemjua au unayepaswa kumjua, amekuja kwetu. Bibi alisikia sentensi ya pili, na akaijibu ipasavyo.

Mtaalamu wa Prague, Vilém Mathesius, aliliandika jambo hili mwaka 1939 akizungumzia Kicheki, na wanaisimu wa Urusi wakalichukua na kulipa nafasi kubwa katika sarufi yao. Podfak hatukulisikia. Kule tuliambiwa kwamba Kirusi kina mpangilio huru, kwamba maneno matatu unaweza kuyapanga namna zote sita na yote ni sawa. Ni kweli namna zote sita zinakubalika. Lakini kila namna inajibu swali lake, na ukijibu swali ambalo hukuulizwa, mtu hakwambii umekosea. Anakupigia video.

Jumamosi ya kwanza nilichukua kitabu cha picha kisichokuwa na maneno, hadithi ya mtoto aliyetoka na mbwa wake kwenda msituni. Wanaochunguza lugha za watoto hupenda vitabu vya aina hiyo kwa sababu hadithi inakuwa moja kwa wote na maneno yanakuwa ya msimuliaji. Nikamrekodi mama kwanza, sebuleni, binti akiwa nje. Kisha nikamrekodi binti. Sikuwa nawinda makosa. Nilichotaka kusikia ni kimoja tu: kila kitu kipya kinaingiaje katika hadithi mara ya kwanza.

Ukurasa wa bundi ulinitosha. Mama: “I vdrug iz dupla vyletela sova.” Na ghafla, kutoka kwenye tundu la mti, akaruka bundi. Tundu tumekwisha liona kwenye picha, ndege hatujamwona, kwa hiyo ndege kawekwa mwisho. Binti: “Sova vyletela iz dereva.” Bundi aliruka kutoka mtini. Neno la tundu la mti hakulijua, akazunguka, si neno. Ila bundi wake kaingia kama mwenye nyumba. Mtu asiye na kitabu mkononi angejiuliza kama kuna ukurasa umemruka. Ikawa vivyo hivyo kwa nyuki, kwa panya, kwa kila mnyama. Kila mara mtendaji mbele, kitendo katikati, mengine nyuma.

Nisieleweke vibaya. Mpangilio huo wa kiima, kitenzi na yambwa ndio wa kawaida kuliko yote katika Kirusi chenyewe, na Mrusi wa mtaani anaweza pia kulitanguliza jambo jipya akalikazia sauti, akaeleweka vizuri sana. Binti hatumii umbo la kigeni. Kati ya maumbo sita kabaki na moja, na hilo analitumia kwa kazi zote.

Watu wa namna yake wanaitwa wazungumzaji wa lugha ya urithi: waliosikia lugha nyumbani tangu kuzaliwa, kisha lugha ya shule na ya mtaa ikawa ndiyo kubwa. Warusi wa namna hiyo ni wengi kule Brooklyn, Berlin na Israeli, walikohamia wazazi wao, hasa kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Hapa kwetu ni wachache, wengi ni watoto wa akina baba waliokwenda kusoma Urusi ya Kisovieti, pale Chuo cha Lumumba kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960 na vyuo vingine, wakarudi na shahada na mke. Wale wa Marekani wamechunguzwa sana. Mwanaisimu Maria Polinsky amekuwa akiandika tangu miaka ya 1990 kuhusu kile alichokiita Kirusi cha Marekani, na moja ya mambo aliyoyaonyesha ni kwamba kadiri lugha inavyofifia, miisho ya nomino hupungua na mpangilio wa maneno hukakamaa, haugeuki tena. Mambo hayo mawili huenda pamoja.

Kwa nini yaende pamoja? Hapa inabidi nimtie paka na mbwa.

“Koshka uvidela sobaku”: paka kamwona mbwa. Mbwa kwa kawaida ni “sobaka”, hapa kawa “sobaku” kwa sababu ndiye aliyeonwa. Mwisho wa neno umekwisha sema nani kafanya nini, kwa hiyo mpangilio uko huru kufanya kazi nyingine. “Sobaku uvidela koshka”: mwonaji bado ni paka, ila sasa tulikuwa tunamzungumzia mbwa na habari mpya ni kwamba aliyemwona ni paka. Nomino ya Kirusi ina hali sita za namna hiyo. Kiswahili hufanya mchezo ule ule kwa kifaa kingine. “Paka kayanywa maziwa” tunaigeuza tukasema “maziwa kayanywa paka”, na hakuna anayedhani paka kanywewa, kwa sababu ile “ya” ndani ya kitenzi ni ya maziwa. Ngeli ndizo zinazotupa uhuru. Lakini tia viumbe wawili wa ngeli moja, “mbwa kamwona paka”, na uhuru wote umekwisha. Hapo wa kwanza ndiye mtendaji, labda sauti iseme vingine.

Kirusi nacho hukwama hivyo hivyo pale miisho inapofanana. Mwanaisimu Roman Jakobson alikuwa na mfano wake maarufu, “Mat lyubit doch”, mama anampenda binti. Maneno “mat” na “doch” hayabadiliki yanapotendwa. Basi papo hapo Kirusi chenye uhuru wote kinasimama kwenye mstari: wa kwanza kapenda, wa pili kapendwa. Mimi huuona mfano huo kama dirisha la kumtazamia mtoto wa lugha ya urithi. Kwake, maneno mengi yamekuwa kama “mat” na “doch”. Mwisho umo mdomoni, lakini hauamini tena, na asiyeamini mwisho wa neno hushika foleni.

Nilitaka kujua kama binti yetu naye kafika huko. Nikamchorea picha mbili. Katika moja mbwa anamfukuza paka, katika nyingine paka anamfukuza mbwa. “Pokazhi sobaku, kotoruyu dogonyayet koshka.” Nionyeshe mbwa ambaye paka anamfukuza. Hapo kila kitu kimebebwa na “kotoruyu”. Ingekuwa “kotoraya” mbwa angekuwa mfukuzaji, na “koshka” ingebadilika ikawa “koshku”. Kidole chake kilikwenda kwenye mbwa anayefukuza. Kikasimama. Akairudia sentensi kwa midomo bila sauti, kikahama. Akapata. Lakini alipata kama mtu anayepiga hesabu, si kama mtu anayesikia.

Kisha nikamgeuzia kibao kwa Kiswahili: “Haya, nionyeshe mbwa anayemfukuza paka.”

Akanitazama, akacheka. “Yupi sasa, baba mdogo? Si wote wawili?”

Wote wawili, ndiyo. Kirejeshi chetu, ile “-ye-” ya “anayemfukuza”, pale wote wanapokuwa wa ngeli moja, hakisemi ni nani anamkimbiza nani. “Mtoto anayempenda mama” ni mapendo ya kwenda au ya kurudi, chagua mwenyewe. Nimekaa na lugha hii maisha yangu yote na bado hilo hunifurahisha. Kwa binti lilikuwa na faida nyingine: alitambua kwamba kuna mahali ambapo sikio lake la Kiswahili limezoea kungoja muktadha useme, wakati Kirusi kimekwisha sema katika mwisho wa neno.

Polinsky alifanya jaribio la aina hiyo, la kulinganisha picha na virejeshi, akachapisha matokeo mwaka 2011. Aliwapima watoto wa lugha ya urithi wa umri wa takriban miaka sita huko Marekani, na watu wazima wa lugha ya urithi, akawaweka sambamba na Warusi wa Urusi. Watu wazima walihangaika na virejeshi vya mtendwa, kama kile cha “mbwa ambaye paka anamfukuza”. Watoto hawakuhangaika, walikuwa sawa na wenzao wa Urusi. Kumbe tatizo si kwamba hawakupata. Walipata, kisha miaka ilivyokwenda sarufi ikajipanga upya vichwani mwao. Kwa wazazi habari hiyo ni nzito kidogo, maana mama anayemsikia mtoto wa miaka mitano akiongea kama kasuku hudhani kazi imekwisha.

Nikamuuliza mama kama ana kanda zozote za zamani. Anazo, kama akina mama wote. Kulikuwa na video moja aliyoipiga marehemu kwa kamera yao ndogo, binti ana miaka minne, yuko barazani kwa bibi yake wa Tanga, anamwonyesha mama yake paka wa jirani: “Mama, smotri, tam sidit koshka!” Tazama, pale kakaa paka. Mahali kwanza, kitendo, kisha paka mwisho, mpya kabisa, kama apendavyo bibi wa Voronezh. Sekunde chache mbele: “A koshka spit!” Na paka kalala. Paka sasa anajulikana, kahamia mbele. Nikairudisha video mara tatu. Binti aliitazama uso umemshuka kidogo, akasema, “Kwa hiyo nilikuwa najua.”

Alikuwa anajua. Basi ilikwenda wapi?

Jibu la haraka ni kuilaumu lugha kubwa. Shule yake ilifundisha kwa Kiingereza, na Kiingereza hakina mchezo na mpangilio. Sikatai. Ila Kiswahili ndicho alichocheza nacho, aliuziwa nacho dukani, na ndicho anachoota nacho, kwa maneno yake mwenyewe. Na Kiswahili kinageuza: “mlangoni pamesimama mtu”, “kaja mgeni”, “maziwa kayanywa paka”. Kama mpangilio ungehama tu kutoka lugha moja kwenda nyingine, huo ungemsaidia. Haukumsaidia, na nadhani ni kwa sababu kugeuza kwetu hakusafiri peke yake. Kunategemea “pa”, “ya”, “m”, vile viambishi vya ndani ya kitenzi. Kirusi hakina mahali pa kuvitia, na miisho ambayo ingeshika nafasi yake ndiyo ile anayoipigia hesabu.

Kitu kimoja kilihama, na mama alikikumbuka mwenyewe huku anakaanga vitumbua. Binti alipokuwa darasa la pili au la tatu alikuwa na mtindo wa kusema “Yest muzhchina prishol”. “Yest” ni “ipo, kuna”. Alikuwa anasema “kuna mwanamume kaja”, nukta kwa nukta, kwa maneno ya Kirusi. Mrusi hasemi hivyo, na mama akamkataza kila mara: ondoa “yest”, haihitajiki. Mtoto akatii, akaiondoa. Mama hakuongeza nusu ya pili, kwamba ukiiondoa hiyo lazima mtu umsogeze nyuma ya kitenzi. Hakuongeza kwa sababu hakuijua kama kanuni. Mrusi wa kawaida haijui hivyo, anaifanya tu. Kwa hiyo binti alinyang'anywa mkongojo kabla mguu haujapona, na tangu siku hiyo kila mgeni anayeingia katika Kirusi chake anaingia kama mwenyeji.

Mama alinyamaza nilipomwambia hivyo. Nikamwambia, shemeji, hata mimi nimesahihisha wanafunzi namna hiyo hiyo miaka mingi.

Lakini sababu ninayoipa uzito zaidi ni nyingine, na niliiona kwa kukaa tu mezani pao. Saa mbili nzima za Kirusi cha mama na mwana zilikwenda hivi: funguo ziko wapi, zima jiko, umemlipa yule, bado, mpigie, kesho basi. Kirusi kizuri, cha haraka, kimejaa “fundi” na “bajaji” na “luku” ndani yake bila yeyote kushtuka. Hakikuwamo kitu kipya hata kimoja. Funguo wote wanazijua. Jiko wote wanalijua. Fundi hata hahitaji kutajwa kwa Kirusi, ni “fundi” tu. Watu wanaoishi nyumba moja hawana haja ya kujulishana watu. Ule mpangilio wa kitenzi kwanza na mgeni nyuma unahitaji msikilizaji ambaye hakuwepo. Katika maisha ya binti huyu, msikilizaji wa Kirusi ambaye hakuwepo ni mmoja tu, naye yuko Voronezh.

Na ndipo unaona ile voisi ilivyopata ajali yake. Nyumbani angesema “fundi prishol” na ingekuwa sahihi, kwa kuwa fundi walikuwa wanamngoja tangu Jumapili. Kwa bibi alijua “fundi” haitaeleweka. Neno la Kirusi la fundi bomba, “santekhnik”, hakulijua. Akalitoa “fundi” akapachika “muzhchina” pale pale lilipokuwa. Neno alilibadilisha kwa ajili ya bibi, mpangilio ukabaki ule wa jikoni.

Zamani hakuwa hivyo kwa sababu zamani zilikuwapo hadithi. Mama alimsomea kila usiku mpaka alipoanza kujisomea mwenyewe kwa Kiingereza. Hadithi za Warusi huanza na “zhil-byl”, au “zhili-byli” wakiwa wengi: aliishi-alikuwako mzee, waliishi-walikuwako babu na bibi. Kitenzi mbele, mwenye hadithi nyuma, kila usiku, mamia ya mara. Hata Warusi wenyewe hawazaliwi na uhuru huo. Aleksandr Gvozdev aliyeandika shajara ya maneno ya mwanawe Zhenya katika miaka ya 1920 alimwonyesha mtoto akishika mpangilio mmoja kwanza, kabla miisho haijamkaa sawa. Mtoto wa Urusi huachia foleni hiyo baadaye, kwa sababu dunia nzima inamsimulia. Huyu wa Tabata alikuwa na msimulizi mmoja, na msimulizi huyo alichoka, akafiwa, akabaki na funguo na jiko.

Tiba niliyoijaribu haikuwa ya darasani. Nilimuuliza binti kama anakumbuka bibi wa Tanga alivyokuwa anaanza ngano. Akakaa wima. “Paukwa!” akaita mwenyewe, na mimi nikaitika “Pakawa!” Halafu? “Hapo zamani za kale paliondokea mtu na mkewe...” Nikamsimamisha. Kwa nini si “mtu na mkewe waliondokea”? Akafikiri. “Kwa sababu hatujawajua bado.” Nikamwambia, basi sema hiyo hiyo kwa Kirusi. Akasema “zhili-byli”, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekuta chumba cha pili ndani ya nyumba aliyozaliwa.

Tangu hapo tulikuwa na mchezo mmoja. Nilimpa swali, ajibu kwa sentensi nzima, na lile linaloulizwa liende mwisho. Nani kala pai? “Pirog syela mama.” Mama kala nini? “Mama syela pirog.” Mlangoni kuna nani? “U dveri stoit sosed”, jirani. Mpangilio wa kwanza ulimpa shida kuliko yote, maana ndio unaomtegemeza mtu kwenye mwisho wa neno. Alikuwa anaupata kwenye maneno ya -a na kuupoteza kwenye mengine. Akichoka, foleni inarudi. Nilimwomba mama aache kusahihisha jinsia na miisho wakati wa hadithi, amwache amalize, na awe anauliza tu kile ambacho bibi angeuliza: kakoy? Yupi? Na kila jioni voisi moja kwenda Voronezh, ya jambo ambalo bibi hakuliona. Bibi naye akapewa kazi ya kujibu kwa hadithi. Hilo halikuhitaji kuombwa mara mbili.

Baada ya miezi miwili nilimpa kile kitabu tena. Bundi safari hii aliruka vizuri: “Iz dereva vyletela sova.” Tundu la mti bado hana. Nyuki waliingia vizuri. Panya aliingia kama zamani. Kwenye virejeshi sikuona mabadiliko ya kusimulia, bado midomo inachezacheza kabla ya kidole. Sikutarajia zaidi. Kuweka kitenzi mbele ya mgeni ni jambo moja la kushika. Kuurudisha mfumo mzima wa miisho mpaka usikike bila hesabu ni kazi ya miaka, na labda ya kwenda kukaa kule.

Wiki iliyofuata sinki likavuja tena. Fundi yule yule akarudi, na binti, ambaye sasa anajua kanuni, akamtumia bibi voisi ya ushindi: “Babushka, k nam prishol muzhchina!”

Bibi, ambaye wa kwanza alikuwa amekwisha elezwa ni nani, akapiga video palepale. “Yeshchyo odin?” Mwingine tena?